Mayo wamepoteza fainali tatu mbele ya Dublin kwa pointi moja moja. Ni laana, ni hela, au ni makosa yao wenyewe?

#1 NyotaYaKigamboni (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Naomba tulijadili hili maana limenikaa kichwani tangu 2017.

Naishi Castlebar, mji mkuu wa kaunti ya Mayo, magharibi mwa Ireland. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Nilifika Agosti 2016, na mzee wa kwanza niliyepangiwa hakuniuliza natoka wapi wala nimeokoka au la. Aliniuliza kama naujua mpira. Nikajibu naujua, mimi ni mtoto wa Kigamboni. Akaniwashia televisheni, nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona: watu wanadaka mpira kwa mikono, wanapiga mateke, wanaupiga ngumi, wanakimbia nao huku wanaudundisha mguuni.

Ndiyo mpira wa Kigaeli. Kwa wasioujua: wachezaji 15 kila upande, goli lina wavu chini na nguzo ndefu juu kama za raga. Kwenye mechi zote za uzi huu, kupitisha mpira juu ya mtambaa panya ilikuwa pointi 1. Ukitia wavuni ni goli, na goli moja ni sawa na pointi 3. Dakika 70. Wachezaji hawalipwi mshahara, Jumatatu mtu anarudi kufundisha au kujenga nyumba. Fainali inapigwa Croke Park, Dublin, mbele ya watu zaidi ya 82,000, na kombe linaitwa Sam Maguire.

Sasa swali langu. Mayo mara ya mwisho kubeba hilo kombe ni 1951. Fainali ya 2013 walifungwa na Dublin kwa pointi moja. Ya 2016 walitoka sare, ikarudiwa, wakafungwa na Dublin kwa pointi moja. Ya 2017 wakafungwa na Dublin kwa pointi moja. Hiyo ya 2017 niliitazama na mzee sebuleni. Zilipobaki dakika kama tano alinyanyuka, akachukua fimbo yake, akatoka nje kwenda kuwaangalia kuku. Hawezi kutazama mwisho. Aliporudi alinitazama usoni tu, akakaa, hakuuliza matokeo.

Wenye ujuzi nisaidieni: timu inawezaje kufika hapo mara zote hizo halafu ikashindwa kwa unyoya?

#2 Kibuyu wa Mbeya

Naweka kambi hapa. Huu mchezo nausikia leo.

#3 MtotoWaPwani

Dada Nyota, jibu unalo hapo hapo Mayo, hukutaka kuliandika tu. Laana ya Foxford. Mwaka 1951 timu ilikuwa inarudi na kombe, ikapita mji wa Foxford kwa shangwe na nyimbo. Kulikuwa na msiba. Hawakusimama kutoa pole, hawakushuka kwenye gari. Padri akakasirika, akatamka kwamba Mayo haitabeba kombe tena mpaka wachezaji wote wa siku ile wawe wamekufa. Hadithi hiyo kila mtoto wa Mayo anaijua. Na sisi tuliokulia pwani tunajua kupita msibani unapiga ngoma kuna matokeo yake.

#4 MwalimuTakwimu

Mleta mada umeandika vizuri, ila nianze na mahesabu ili tusizungumze hewani.

Matokeo ya Kigaeli yanaandikwa magoli kwanza, kisha pointi. Mwaka 2013: Dublin 2-12, Mayo 1-14. Yaani 18 kwa 17. Marudiano ya 2016: Dublin 1-15, Mayo 1-14. 18 kwa 17 tena. Mwaka 2017: Dublin 1-17, Mayo 1-16. 20 kwa 19. Kwa hiyo mleta mada yuko sahihi kabisa.

Lakini #3, hesabu inakukataa. Kati ya 1951 na 1989 Mayo hawakufika fainali hata moja. Miaka 38! Hapo hakuna laana, hapo hakukuwa na timu. Laana inaonekana kali kwa sababu kuanzia 1989 walianza kufika mara kwa mara. Nimehesabu fainali 10 walizopoteza.

#5 DerevaWaTallaght

Fainali 11 mkuu, siyo 10. 1989 na Cork, 1996 na Meath, 1997 na Kerry, 2004 na Kerry, 2006 na Kerry tena, 2012 na Donegal, 2013, 2016 na 2017 na sisi, 2020 na sisi, 2021 na Tyrone. Ukihesabu mechi ni 13, maana 1996 na 2016 zote zilirudiwa.

Nimesema "sisi" kwa sababu mimi ni Dublin damu. Naendesha basi hapa mwaka wa kumi na tatu, wanangu wawili wanachezea klabu ya mtaani, na Jumapili ya mechi mtaa mzima ni bluu ya anga. Mleta mada pole yako na ya mzee, lakini haki isemwe: Dublin ya kocha Jim Gavin ilikuwa timu bora kuliko zote zilizowahi kucheza mchezo huu. Kuanzia 2015 hadi 2020 Dublin ilibeba makombe sita mfululizo, matano chini ya Gavin na la sita chini ya Dessie Farrell. Kabla yao hakuna kaunti iliyowahi kubeba hata matano mfululizo. Kufungwa kwa pointi moja na timu ile siyo laana. Ni heshima.

#6 MwalimuTakwimu

Nakubali #5, ni 11. Nilisahau ya 2012.

#7 NyotaYaKigamboni

Kaka Dereva, mwambie mzee wangu kwamba ni heshima, halafu ukimbie 😂

Kuhusu laana: nilimuuliza mzee. Alikuwa kijana mdogo 1951. Anachokikumbuka ni kofia ya karatasi. Wakati ule mashabiki walivaa kofia za karatasi laini zenye rangi za timu. Yake ilikuwa kijani na nyekundu, mvua ikanyesha, rangi ikamchuruzika shingoni mpaka kwenye kola ya shati lake la kanisani, na mama yake akamchapa. Kuhusu msiba hasemi ndiyo wala hapana. Anageuza mazungumzo.

#8 BabuWaGerezani

Wanangu, kijani na nyekundu kwenye shati moja? Yaani Yanga na Simba wamelala kitanda kimoja? Basi hapo msitafute mbali, tatizo ni hilo 😄

Nikirudi kwenye mada. Mimi nimekula chumvi nyingi kwenye mpira wa bongo. Nimeona timu inakataa kuingia uwanjani kwa mlango wa kawaida, nimeona kipa anafukia kitu golini, nimeona "kamati ya ufundi" ina bajeti kuliko ya viatu. Siku za ujana niliamini. Lakini niliona pia kwamba timu inayoamini imerogwa inacheza kama iliyorogwa. Beki anaogopa mpira. Mpigaji penati anatazama chini. Kwa hiyo laana hata kama haipo, ikiaminiwa inafanya kazi. Hilo ndilo jibu langu kwa mleta mada.

#9 BintiWaUjiji

Naomba nivunje hii hoja ya laana moja kwa moja. Wanawake wa Mayo wamebeba ubingwa wa Ireland mara nne: 1999, 2000, 2002 na 2003. Kaunti ile ile, rangi zile zile, na Foxford iko pale pale. Cora Staunton alikuwa kwenye timu ile, na baadaye akaenda Australia kucheza ligi yao ya kulipwa akiwa na miaka zaidi ya 35.

Vijana nao: chini ya miaka 21 walibeba 2006 na 2016, na watoto walibeba 2013. Laana gani inayochagua wanaume watu wazima peke yao?

#10 MtotoWaPwani

Dada wa Ujiji, laana ilielekezwa kwa timu iliyokosea. Iliyokosea ilikuwa timu ya wakubwa wanaume. Mbona iko wazi?

Na ongeza hili. Beki Paddy Prendergast ndiye aliyebaki wa mwisho kati ya waliocheza fainali ya 1951. Fainali ya 2021 ilipigwa tarehe 11 Septemba, Mayo wakapoteza mbele ya Tyrone. Prendergast akafariki wiki mbili baadaye, ana miaka 95. Wiki mbili! Mnataka ushahidi gani?

#11 BintiWaUjiji

Kama ni hivyo laana iliisha Septemba 2021. Kombe la kwanza la baada ya hapo walichukua Kerry. Likaenda Dublin 2023, Armagh 2024, Kerry tena 2025. Mayo hawakufika hata fainali katika hizo. Sasa tumsingizie nani?

Na mtu wa miaka 95 kufariki ni jambo la kumshukuru Mungu kwa umri aliompa. Tusimfanye marehemu kuwa kufuli la kombe.

#12 KaranjaWaIten

Salimia watu wa uzi. Mimi ni Mkenya na huu mchezo niliusikia kabla ya wengi wenu. Shule yetu ya upili ilikuwa na padri kutoka Mayo. Kila Septemba alikuwa anabeba redio ya mawimbi mafupi, anapanda kile kilima nyuma ya bweni, kwa sababu huko juu ndiko sauti ilikuwa inashika. Sisi tulikuwa tunamwandama tukidhani anasikiliza habari za vita. Siku moja, 1996, alirudi akiwa ametulia sana, akatuambia Mayo walikuwa mbele kwa pointi sita na sasa ni sare, watarudia. Mchezaji wa Meath, Colm Coyle, alipiga mpira mrefu, ukadunda chini mbele ya goli, ukaruka juu ya mwamba. Ukadunda! Hakuna mtu aliyeugusa.

Marudiano yakaja. Ngumi zikatupwa na karibu kila mtu uwanjani. Refa akatoa wawili tu: Coyle wa Meath na Liam McHale wa Mayo. McHale ndiye alikuwa nguzo ya katikati. Mayo wakalala 2-9 kwa 1-11, pointi moja tena. Yule padri aliamini mpaka anazeeka kwamba mechi ile ilipotea dakika McHale alipotoka. Laana hakuitaja hata siku moja, na alikuwa padri.

#13 Kibuyu wa Mbeya

Swali la mtu wa kijijini: kaunti za huko ni kama za Kenya? Na mchezaji akitaka kuhamia Dublin ili abebe kombe anaruhusiwa?

#14 DerevaWaTallaght

Kaunti 32 kisiwa kizima, zikiwemo 6 za Ireland ya Kaskazini. Mpaka wa serikali mchezo huu hauutambui. Na London na New York nazo zina timu, zinaingizwa kwenye mashindano ya mkoa wa Connacht, mkoa ule ule wa Mayo. Kuhama kupo kwa sababu za makazi na klabu, ila hakuna kununua mchezaji. Unachezea kwenu. Ukizaliwa Mayo kipindi cha ukame, utafia kwenye ukame.

#15 KipaMstaafu

Nimesoma uzi wote. Watu mmeongelea padri, makaburi na hesabu. Hakuna aliyeongelea GOLIKIPA. Nilidaka daraja la tatu miaka saba, niruhusuni.

Mechi ya kwanza ya 2016, tarehe 18 Septemba, mvua. Mayo walijifunga magoli MAWILI kipindi cha kwanza, Kevin McLoughlin moja na Colm Boyle moja. Dublin walikuwa na magoli mawili bila mchezaji wao kufunga hata moja! Na bado Mayo wakasawazisha dakika za nyongeza kwa mguu wa Cillian O'Connor, 2-9 kwa 0-15. Timu inayojifunga mara mbili na kutoka sare na mabingwa ni timu kubwa.

Sasa marudiano, tarehe 1 Oktoba. Kocha Stephen Rochford anamtoa kipa David Clarke, anamuanzisha Rob Hennelly. Hoja yake ilikuwa goli kiki. Dublin walikuwa wanazibana goli kiki fupi za Clarke, na Hennelly ana mguu mrefu. Kimahesabu inaeleweka. Lakini kipa siyo hesabu. Mapema kipindi cha pili mpira wa juu ukamponyoka Hennelly, akamvuta mshambuliaji chini. Kadi nyeusi, penati. Kwa sheria za wakati ule kadi nyeusi ilikuwa inakutoa moja kwa moja na anaingia mwingine. Clarke akatoka benchi, mwili wa baridi, kazi ya kwanza kukabili penati ya Diarmuid Connolly. Wavuni. Mechi ikaisha kwa tofauti ya pointi moja.

Mimi yaliwahi kunikuta upande wa Hennelly. Mechi ya mwisho ya mkoa kocha alinipanga asubuhi ya mchezo, msimu mzima nilikuwa benchi. Mikono haikuwa yangu. Glovu zilikuwa zile zile, lakini nilihisi kila mtu uwanjani ananitazama vidole. Mpira wa kwanza wa krosi niliupiga ngumi hewani, haikuwepo kitu, ulishanipita. Kwa hiyo kwangu mimi jibu ni moja: huchezei kipa wako wiki ya fainali.

#16 BabuWaGerezani

#15 umenikumbusha mbali. Nimesoma nikasikia baridi mikononi.

#17 DerevaWaTallaght

Kipa, nakuheshimu, lakini umeruka kitu. Mwishoni mwa marudiano yale Cillian O'Connor alipata faulo ya kusawazisha, akakosa. Kwa hiyo hata baada ya penati walikuwa na nafasi. Na kwetu Cormac Costello aliingia kutoka benchi akatia pointi tatu. Hapo ndipo tofauti ilipo. Benchi la Dublin lilikuwa timu nyingine kamili.

Angalieni 2017. Connolly, ambaye kaunti yoyote ingemjengea sanamu, alianzia benchi. Anaingia baada ya mapumziko. Mechi ikiwa sare na saa imeisha, nani anachezewa faulo? Connolly. Nani anapiga? Dean Rock. Baba yake Barney Rock alibeba kombe na Dublin 1983. Rock anasogea kupiga, na Lee Keegan wa Mayo anachomoa kile kifaa cha GPS cha mgongoni anamtupia mpigaji. Kikampita. Mpira ukapanda, ukapita katikati ya nguzo.

#18 NyotaYaKigamboni

Kile kifaa nilikiona kikiruka kwenye televisheni nikadhani ni ndege. Mzee alikuwa kwa kuku tayari.

Lakini kaka Dereva, malizia basi. Baada ya pointi ile, goli kiki ya mwisho ya Mayo, wachezaji wa Dublin walifanya nini? Waliwashika watu wa Mayo mashati, wakawaangusha chini, kila mmoja na wake, ili Clarke asipate wa kumpa mpira. Ciarán Kilkenny alipewa kadi nyeusi. Alikuwa na hasara gani? Mechi imeisha. Keegan anatajwa mpaka leo, hao wa kushika mashati hawatajwi.

#19 DerevaWaTallaght

Dada yangu, hilo nakubali halikuwa zuri. Siwezi kulitetea mbele ya wanangu. Ila kabla ya hapo goli kiki ya Clarke ilitoka nje moja kwa moja pembeni, sare ikiwa mezani. Mpira ukawa wetu, faulo ikazaliwa hapo. Hakuna aliyemshika shati yeyote kwenye ile.

#20 KipaMstaafu

Ile ilikuwa presha. Clarke alikuwa na Dublin wamepanda mpaka mbele, hakuna wa karibu wa kumpa. Akajaribu kumtafuta mtu pembeni. Ingepungua hatua mbili tungemsifu leo.

#21 MwalimuTakwimu

Kuhusu 2017 mnasahau dakika iliyoamua. John Small wa Dublin alimchezea vibaya Colm Boyle, kadi ya pili ya njano, anatoka. Mayo wamepata faulo na wana mtu zaidi, katika mechi ambayo mapumziko walikuwa mbele 0-10 kwa 1-6. Donal Vaughan anakuja mbio, anamvamia Small. Nyekundu. Refa Joe McQuillan anafuta faulo, mpira unarushwa juu. Sekunde chache, faida ya mtu mmoja na ya faulo vyote vimekwenda.

Baadaye, matokeo yakiwa sare kwenye dakika za nyongeza, faulo ya O'Connor ikagonga mwamba. Kiswahili kinatupa hapo tafsiri mbili na zote ni za kweli.

Mimi siamini laana na siamini heshima ya #5. Naamini makosa. Makosa matatu, pointi moja.

#22 KaranjaWaIten

Lakini Mwalimu, makosa ya Mayo yana mwenyewe. Yametoka wapi? Kwa nini ni wao kila mara? Sisi wa Iten tunajua: ukikimbia na mtu mwenye nguvu kukuliko, mita mia za mwisho ndizo zinaonyesha. Unakosea hatua kwa sababu umechoka, na umechoka kwa sababu yeye alikuvuta tangu mwanzo. Dublin waliwavuta.

#23 MkulimaDigitali

Mnazunguka mbuyu. Semeni HELA na WATU. Sensa ya 2022: kaunti ya Dublin watu zaidi ya milioni 1.4. Mayo karibu 138,000. Yaani kwa kila mtu mmoja wa Mayo, Dublin wana kumi. Kabla ya njaa kubwa ya viazi Mayo ilikuwa na watu zaidi ya 388,000, sensa ya 1841. Wakafa, wakapanda meli, na mpaka leo vijana wanaondoka. Nusu ya vijana wenye akili wa Mayo wanafanya kazi wapi? Dublin! Kuna wachezaji wa Mayo wanaoishi Dublin, wanatoka kazini wanaendesha gari kisiwa kizima kwenda mazoezini, wanarudi usiku. Mchezaji wa Dublin anatoka ofisini anafika mazoezini kwa baiskeli.

Halafu chama cha mchezo kuanzia miaka ya 2000 kiliipa Dublin fedha za kuendeleza vijana kuliko kaunti nyingine yoyote. Na fainali inachezwa Dublin. Na nusu fainali inachezwa Dublin. Halafu mnauliza pointi moja ilitoka wapi.

#24 DerevaWaTallaght

Hela hazikupiga faulo ya Rock. Na Dublin walikuwa na watu wengi tangu zamani, mbona kati ya 1995 na 2011 hawakubeba kitu? Miaka 16. Wingi wa watu haukuanza 2011. Ile ya 2011 yenyewe, kipa wetu Stephen Cluxton alitoka golini akapiga faulo ya ushindi dhidi ya Kerry, 1-12 kwa 1-11. Pointi moja. Kwa hiyo pointi moja inakatia pande zote.

#25 MkulimaDigitali

Fedha zilipandwa miaka ya 2000, matunda yakavunwa 2011. Wewe mwenyewe umetaja tarehe.

#26 MtotoWaPwani

Na nyie wa hela nielezeni hili. Fainali ya 2020, Desemba, uwanja mtupu kwa sababu ya korona: Dublin 2-14, Mayo 0-15. Rock alitia goli sekunde ya 13! Fainali ya 2021: Tyrone 2-14, Mayo 0-15. Matokeo yale yale, herufi kwa herufi, miaka miwili mfululizo, wapinzani tofauti. Tyrone ina watu milioni 1.4? Na 2021 Mayo walikosa penati kwenye fainali. Hela iliikosesha?

#27 MwalimuTakwimu

Hiyo ya 2-14 nilikwenda kuihakiki nikitegemea umekosea. Hukukosea.

#28 BintiWaUjiji

Tusiwafanye Mayo kama watu wa kupigwa tu. Agosti 2021, nusu fainali, Dublin walikuwa wamecheza mechi 45 za ubingwa bila kufungwa, wanakwenda kutafuta kombe la saba mfululizo. Nani aliwasimamisha? Mayo, 0-17 kwa 0-14, baada ya muda wa nyongeza. Na 2012 Dublin wakiwa mabingwa, nani aliwatoa nusu fainali? Mayo. Na 2006 Mayo walikwenda kupasha misuli mbele ya Hill 16, jukwaa la Dublin la kusimama, wakawakera, halafu wakashinda kwa pointi moja ya Ciarán McDonald.

Kwa hiyo Mayo wanaweza kuifunga Dublin. Kuifunga Dublin SIKU YA FAINALI ndiko kunashindikana. Hapo nami sina jibu.

#29 BabuWaGerezani

Binti umeuliza vizuri kuliko wote. Narudi kwenye #8 yangu: ni kichwa. Nusu fainali hakuna kaburi la 1951 mgongoni. Fainali lipo.

Halafu swali dogo: hawa ni watani wa jadi kweli? Utani wa jadi wa kwetu ni wa mtaa na mtaa, mnashiriki sokoni na harusini.

#30 NyotaYaKigamboni

Babu, kijirani hapana. Majirani wa Mayo ni Galway, Roscommon na Sligo, na Galway ndiyo kelele ya kila siku hapa. Dublin kihistoria walikuwa na Kerry na Meath. Uhasama wa Dublin na Mayo umezaliwa juzi, kwenye hizo fainali. Lakini mkisikia mtu wa Castlebar anavyotamka "Dublin" mtasema ni wa miaka mia.

Nimejibiwa mengi, asanteni. Nimeandika pembeni: kichwa, kipa, Vaughan, benchi, hela, safari ya mazoezini, laana. Kila moja nikiisoma naiona ni kweli, halafu nikisoma inayofuata naona ile ya kwanza haitoshi.

Kesho zamu yangu kwa mzee inaanza saa mbili asubuhi. Nitampelekea hoja ya #15 kuhusu Hennelly na ya #20 kuhusu goli kiki ya Clarke. Alikuwa golikipa wa kijiji ujana wake, hajawahi kuniambia mbele za watu, nililiona kwenye picha iliyopo juu ya jiko: miguu imejaa tope, mpira kifuani.

#31 KipaMstaafu

Golikipa! Dada mbona ulificha hilo mpaka post ya thelathini? Muulize yeye angemuanzisha nani marudiano. Nasubiri hapa hapa.

#32 KaranjaWaIten

Na umuulize 1996, ule mpira uliodunda: kipa angetoka au angebaki?